Ukurasa wa Sukari

Kuna Jumapili moja ambayo hadi leo haijanitoka, mwanangu, na kwa kuwa umeniletea riwaya yako ukiniuliza utoe nini na ubakishe nini, nitakusimulia.

Miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya msituni dhidi ya wakoloni, nilikuwa nafundisha watoto wa vibarua katika shamba moja la kahawa, Ruiru. Usicheke, hata mimi nilikuwa msichana. Bila pasi ya serikali hukuweza kwenda popote, na aliyekuja kunitembelea alikuwa mmoja tu, kaka yangu Mwaura, aliyefanya kazi kiwandani Thika. Kisha akakamatwa, akapelekwa kizuizini, tusijue wapi. Upweke ulionishika sikuwa nimewahi kuuona. Ndipo nikaanza kuandika riwaya, na ndani yake nikamweka Mwaura, ili nikitoka darasani niwe na mtu wa kukaa naye.

Kila Jumapili baada ya kanisa nilimsomea jirani yangu Mama Respah, mke wa mpishi, mtu wa Maragoli. Hakujua kusoma, lakini kusikiliza alijua. Alimpenda sana yule kaka wa kitabuni: alivyokula amesimama, alivyochovya kidole kilicholowa mate katika mkebe wangu wa sukari. Kulikuwa na ukurasa wa siku niliyogombana na Mwaura kwa sababu ya hiyo sukari. Nilimfukuza, naye akasema neno mlangoni, akaenda zake Thika. Sikumwona tena.

Nilipojaza daftari tano, nikaanza kunakili upya kwa wino. Nikajiona fundi. Vitabu vya shule vilikuwa vimenizoesha watu wema wasio na kasoro, basi kaka nikamfanya mpole, nikamkalisha kitini ale kwa adabu, nikampa na maneno ya mhubiri. Ukurasa wa sukari nikauruka. Na kila nilipomaliza daftari moja, ile ya zamani niliichana nikawashia jiko.

Jumapili hiyo nikamsomea Mama Respah kazi yangu safi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimnyonyesha mtoto.

"Mwalimu, huyu ni nani?" akauliza.

"Si ni yule kaka."

"Huyu mimi sijui yeye. Na ile siku ya sukari iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Umetoa sababu ilikuwa inaharibu kitabu, ama sababu ilikuwa inakuuma wewe?"

Nilikasirika, nikamwambia anywe chai yake inapoa. Alipoondoka nikashika kalamu niurudishe ule ukurasa. Sukari niliikumbuka, na mkebe, na hata nilivyomwambia asikanyage tena kwangu. Alichonijibu mlangoni sikukikumbuka. Nilikuwa nimekiandika neno kwa neno, na kwa kuwa kilikuwa salama kwenye daftari, sikukishika kichwani. Nimekitafuta tangu siku hiyo. Vita viliisha, wengine wakarudi, Mwaura hakurudi. Neno lake la mwisho kwangu mimi nililichoma jikoni kupikia chai.

Basi kata, mwanangu, wala usiogope. Kata pale unapotaka tujue umesoma, na sitakuficha, humu umejaza mengi ya namna hiyo. Kata unayoyarudia. Lakini ukifika mahali mkono unakimbilia kufuta kwa sababu mwenyewe hutaki kupasoma, weka kalamu chini kwanza. Tafuta mtu asiyekuogopa, umsomee kwa sauti, umtazame uso. Labda patatoka, labda patabaki. Na daftari za kwanza zifunge kwa kamba uziweke sandukuni, hata kama zinakutia aibu, maana hujui bado umeandika nini humo.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu akupe subira ya kukaa na uliyoyaandika, na unaowapenda wasitoke mlangoni kwako kabla hujawaambia neno jema.