Umeme Ulionivua Ucha Mungu

Nilipomzaa kitindamimba wangu, aliyekuja na kichwa cha babake, kibofu kikaacha kunitii. Nikikohoa, tone. Nikipiga chafya, matone. Nikicheka, basi tena. Na mimi nimetoka ukoo wa wanawake wacheshi, nikaolewa Mji Mkongwe, ambako hakuna ukumbi usiokuwa na mbea wake.

Nikaacha kucheka. Harusini nilikaa karibu na mlango, uso nimeukaza kama niliyemeza shubiri, na kila mara nikanyanyuka kwenda kutawadha upya. Kwengine wangeuliza kama naumwa. Majirani zangu wakaona wamepata walii.

"Mwamuona? Hakai bila ya udhu," walinong'ona, kwa sauti niliyoisikia vizuri.

Haukupita muda nikaanza kuletewa watoto wenye homa niwasomee. Wifi yangu, aliyenisema miaka yote kuwa nina mdomo mpana, akawa ananibusu mkono. Nikamwachia aubusu.

Ningebaki walii mpaka leo, lakini binti yangu mkubwa akaposwa. Siku moja uani, tukichambua mchele, aliniuliza bila ya kuniangalia, "Mama, humtaki mchumba wangu? Toka nlipoposwa hujacheka hata siku moja."

Iliniuma. Nikamwambia ukweli. Akacheka yeye, kisha akalia, kisha akanipeleka Mlandege kwa daktari mmoja wa kike aliyekuwa na mashine.

Nilikwenda nimejifunika uso. Mashine yenyewe ni kisanduku kidogo chenye waya, na mwisho wa waya kijiti kinene kama kidole gumba. Kiendako, mtu mzima aelewa.

"Umeme huu huu wetu?" niliuliza. Ule ule ulioshindwa kunigandishia barafu za watoto.

"Huu wa betri, bibi. Mdogo sana. Unaiamsha misuli inayoshika mkojo. Ukihisi inajikaza, na wewe kaza."

Nilipiga bismillahi. Ulikuja mwasho mwepesi, kisha misuli niliyoisahau tangu ujana ikajikaza yenyewe na kuachia, ikajikaza na kuachia. Haukuwa muujiza. Nilirudi wiki baada ya wiki, na nyumbani nikakaza mwenyewe, nikikuna nazi, nikisikiliza taarifa ya habari. Polepole chafya zikawa chafya tu.

Siku ya harusi nilikaa katikati ya mkeka. Somo wa bibi harusi, yule kungwi wake, alipoanza vituko vyake nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilikuwa mkavu. Binti yangu alinitazama kutoka kwenye kiti chake, na wanja wote ukamchuruzika. Nilifurahi kuliko siku niliyoolewa mimi.

Majirani hawakufurahi. "Maskini, dunia imemrejesha," walisema, na homa za watoto hazikuletwa tena.

Zilihamia kwa wifi yangu. Nilimuona harusi iliyofuata, kakaa karibu na mlango, uso kaukaza, akinyanyuka kila mara kwenda kutawadha. Nikamfuata mpaka msalani.

"Wifi, Mlandege kuna daktari ana mashine."

"Naijua," alisema, akijifuta miguu. "Ntakwenda. Lakini ngoja kwanza, ndo kwanza nnaanza kubusiwa mkono."