Nyuma ya Doa la Tivii

Enzi zetu pale Ilongero, gemu halikuwa kitu cha kubeba mfukoni. Lilikuwa na mahali pake, na mahali penyewe palinuka mashudu. Mzee Ntandu alikuwa na mashine ya kukamua alizeti nyuma ya soko, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na jenereta, ndiye pia aliyekuwa na tivii. Mwanawe wa kwanza aliporudi kutoka Arusha na kimashine cha magemu, chenye pedi moja nzima na nyingine mgonjwa, sisi watoto tuligundua ghafla kwamba tunapenda sana kutumwa mashineni.

"Nyie mna ugonjwa gani?" Bibi alituuliza. "Jana nawatuma maji mnakufa miguu, leo debe la alizeti mnaligombea!"

Mliokulia upande wetu mnaijua harufu ile: mafuta ya moto, vumbi la maganda, na upepo wa Singida unaoingia popote bila hodi. Tulikaa juu ya magunia tukisubiri zamu, huku tukitafuna mashudu ambayo yalikuwa chakula cha ng'ombe. Msiniambie ninyi hamkuyala. Nyumbani ulikuwa ukitungoja ugali wa uwele na mlenda, lakini mashudu ya moto ya kuiba yalikuwa na utamu wake.

Sasa tivii yenyewe. Ilitoka Singida mjini ikiwa imefungwa kwenye keria ya baiskeli, na njiani ikaanguka. Ilipowashwa iliwaka, Mzee Ntandu akamshukuru Mungu, lakini kona ya juu kulia ilibaki na doa jeusi, pana kama kiganja cha mtu mzima. Fundi wa redio aliitwa. Akaipiga tivii makofi ubavuni, akanywa chai, akaenda zake. Doa likabaki, nasi tukalizoea kama watu wanavyozoea chongo la jirani.

Gemu tulilolipenda lilikuwa la kijana mwenye shati la njano anayepanda mawe. Jina lake hatukulijua, maana maandishi yake yalikuwa ya nchi ya mbali kabisa, yakifanana na nyayo za kuku kwenye majivu. Tukamwita Njano. Mawe aliyoyapanda yalikuwa makubwa, yamebebana kama yale yetu ya njiani kwenda mjini, hivyo hatukuwa na shaka kwamba yule ni mtu wa huku. Kazi yake ilikuwa kutoka kwenye mlango uliokuwa chini kushoto. Lakini mlango huo haukufunguka hivihivi. Ilibidi kwanza Njano apande hadi juu kabisa, apotelee nyuma ya doa, akae kidogo, ndipo ashuke. Hapo mlango ulifunguka wenyewe. Ukiukimbilia moja kwa moja unagonga ukuta mpaka popo wanakuja kukumaliza.

Nyuma ya doa kulikuwa na nini? Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wengine walisema kuna duka. Wengine walisema kuna joka analipelekea chakula. Mtoto wa mwalimu, ambaye alijiona kichwa, alisema ni ofisi, Njano anakwenda kugongewa muhuri wa ruhusa.

Mwaka huo mama yetu aliugua. Siku aliyopelekwa hospitali Dodoma, mimi na kaka yangu Saidi tulikuwa machungani na mbuzi. Gari lilipatikana ghafla, mwenye gari hakuweza kusubiri, baba akapanda naye wakaondoka. Tuliporudi jioni tulikuta kitanda cha mama kimetandikwa. Na kwetu mtu haondoki bila kuaga. Hata kama unakwenda mjini kununua chumvi utapita kwa wakubwa, useme naenda, uambiwe nenda salama, ndipo miguu iwe na ruhusa. Bibi alikuwa na neno lake: "Njia humkataa asiyeaga." Mama aliondoka hajatuaga, wala sisi hatukumwambia nenda salama. Kwa watoto waliolelewa kwa neno lile la Bibi, hilo halikuwa jambo dogo. Tulilala nalo na kuamka nalo.

Siku chache baadaye tulikuwa juu ya magunia, ugomvi wa doa umepamba moto. Saidi, ambaye tangu mama aondoke alikuwa haongei na mtu, akasema taratibu, "Anakwenda kumuaga mama yake. Kwani hamuoni? Mlango unakataa kwa sababu hajaaga."

Mzee Ntandu, aliyekuwa akimimina mafuta kwenye dumu, alisema bila kugeuka, "Huyo kasema kweli." Tangu hapo hakuna aliyebisha tena.

Kuanzia hapo gemu lilitoka kwenye tivii likatufuata nyumbani. Tulichota udongo lamboni, ule tuliokuwa tukifinyangia ng'ombe wa kuchezea, tukafinyanga nyumba ya mama yake Njano, na mafiga yake, na mtungi wake. Njano tulimtungia wimbo. Tulimchora kwa mkaa kwenye ukuta wa mashine, Mzee Ntandu akafoka, kisha akatuambia shati tumelifanya fupi. Na tukaunda mchezo. Mmoja wetu anakaa nyuma ya jiwe kubwa, huyo ndiye mama. Wengine mnakimbizwa na popo, lakini huruhusiwi kuvuka mstari mpaka uwe umefika nyuma ya jiwe ukasema, "Mama, naenda," naye akakujibu, "Nenda salama, mwanangu." Asiyeaga akavuka, anarudi mwanzo. Saidi hakukubali kamwe kuwa mama. Yeye alitaka kuaga tu. Aliaga, akavuka, akarudi mwanzo kwa hiari yake, akaaga tena.

Mama hakurudi akiwa hai. Siku ya mazishi watu wazima walitushika mikono wakatupitisha mbele ya jeneza, nasi tukasema maneno yaleyale tuliyoyazoea nyuma ya jiwe. Mimi naamini yule kijana wa shati la njano ndiye aliyetufundisha tusikose la kusema.

Baadaye Mzee Ntandu alinunua tivii mpya isiyo na doa, na mwanawe akaleta gemu la magari ya mashindano. Lo, tulilipenda! Lilikuwa zuri kupita kiasi, unaona hadi jua likimeta kwenye vioo, na watazamaji wakipunga mikono. Tulipigana kwa ajili ya zamu. Lakini jioni tukirudi nyumbani hatukuwa na la kulizungumzia zaidi ya nani kamshinda nani. Hakuna aliyefinyanga gari lile, hakuna aliyelitungia wimbo. Leo ukiniuliza rangi ya gari moja tu sikumbuki. Waliolitengeneza walikuwa wamemaliza kila kitu, wakatuachia kazi ya kubonyeza. Gemu la Njano lilikuja na lugha isiyosomeka, na tivii iliyoanguka ikalitoboa tundu. Nadhani ndiyo siri ya magemu yanayokaa mioyoni mwa watu. Yana mahali palipoachwa wazi, mtoto anaingia hapo na mzigo wake, anautua, anaanza kujenga.

Mwanangu Karimu hanielewi nikimweleza haya. Yeye na wenzake wana magemu yasiyohesabika kwenye simu, na wakikwama kidogo tu wanatazama video ya mtu aliyekwishamaliza. Wanajua kila mlango unafunguliwaje kabla hawajaugonga. Na mnajua wanavyotoka nyumbani siku hizi? Vitu masikioni, kichwa chini, unashtukia tu geti limelia. Ukimuuliza mbona hukuaga, anakujibu, "Mama, si ningekutumia meseji?"

Juni hii tulikwenda naye Ilongero. Mashine ya Mzee Ntandu haipo tena, yeye mwenyewe ametangulia, na pale alipokuwa na mlango wake vijana wa bodaboda wanangoja abiria. Nilitembea hadi kwenye jiwe letu. Nilikuta watoto wanakimbizana. Mmoja alikuwa amekaa nyuma ya jiwe. Wa kwanza akafika anahema, akasema, "Mama, naenda!" Niliwauliza mchezo huo wameutoa wapi. Wakaniangalia kama niliyeuliza ugali umetoka wapi. "Shikamoo mama, ni mchezo tu," mmoja akanijibu. Tivii ile hawaijui, Njano hawamjui, Saidi hawajawahi kumsikia. Lakini hakuna aliyevuka mstari bila kuaga.

Jioni nilimsimulia Karimu. Akavua vitu vyake masikioni, jambo ambalo si dogo, akaanza kutafuta kwenye simu yake kwa maelezo yangu ya mawe na popo na shati la njano. Haikuchukua muda. "Mama, gemu lenu hili hapa." Na kweli, alikuwa yeye, mdogo, shati lilelile. Picha ilikuwa safi, kona zote zinang'aa. Nilitaka kumwambia azime, na nilitaka kuona. Karimu akabonyeza, Njano akapanda, akapanda, akafika juu kulia.

"Ni ufunguo tu," alisema Karimu. "Umetundikwa kwenye jiwe. Anauchukua, anashuka kufungua."

Hapakuwa na nyumba, wala mafiga, wala mtungi. Niliumia, sitaficha, niliumia kama niliyefiwa upya. Nikachukua simu yangu nikampigia Saidi, ambaye sasa yuko Geita machimboni.

"Kaka shikamoo."

"Marahaba, Mwaja. Kwema?"

"Kwema. Kaka, nimeona nyuma ya doa."

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake. "Kuna nini?"

"Kuna ufunguo. Ufunguo tu."

Nikajuta kwa nini nimempigia. Kisha akauliza, "Hao waliolitengeneza ndio wanasema hivyo?"

"Ndiyo. Inaonekana wazi kabisa."

"Basi hao hawakuwa na tivii ya Mzee Ntandu."

Tulicheka sote wawili, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tena. Saidi alisubiri. Akaniuliza kama jiwe lipo, nikamwambia lipo, na watoto wanaaga. Akasema, "Haya Mwaja, naingia kazini, nakuaga. Mpe Karimu simu nimuage na yeye." Hajawahi kukata simu bila kumuaga kila aliyemo ndani ya nyumba, miaka yote hii.

Karimu akaipokea. Njano alikuwa bado amesimama kwenye simu yake mwenyewe, mbele ya ule ufunguo. Mwanangu alisikiliza, akamtazama Njano, akanitazama mimi, kisha akasema, "Nenda salama, mjomba."