Ombi la Mama Koku bado liko wazi

Leo nimelengwa na machozi kikaoni, kisa kompyuta. Msinicheke kwanza.

Tulikuwa tunapitia utendaji wa kitengo chetu cha TEHAMA hapa halmashauri. Maombi yote ya msaada yamefungwa, limebaki moja tu, la kwangu kushughulikia. Mkuu akaniambia nilisome kwa sauti.

Lilikuwa la Mama Koku wa masjala, yule aliyeandika kila ombi kama barua:

"Mwanangu, hujambo? Kompyuta imegoma. Hata ikipona kabla hujafika, wewe njoo tu, chai ya tangawizi ipo."

Ikapona yenyewe. Sikwenda. Nilikuwa bize, eti.

Mwezi huohuo akastaafu, akapanda meli kurudi kwao Bukoba.

Mkuu: "Sasa mbona hujalifunga?"

"Chai sijanywa, mkuu."