Unga Chini ya Chungu

Mimi si mtu wa kuinamisha kichwa. Nimezaa saba, nimezika wawili, na nyumba hii ya matofali nimeisimamia mwenyewe. Lakini unga wa mtama ukimwagika mbele yangu, hata leo, nageuza uso.

Mume wangu wa kwanza aliitiwa kazi melini wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Meli ndogo tu, ya kuzipelekea manowari makaa na maji. Huku kwetu Makote mtungi mmoja wa maji tunautelemkia bondeni alfajiri, unarudi nao jua limeshakuwa kali. Basi nikaanza kutamba kisimani: wangu atakuwa juu ya maji, wenu wamebaki kung'oa mihogo. Wenzangu wakaniita Bibi Manowari. Wao walinikejeli, mimi jina nikalipenda.

Mama mkwe akasema hatoki mtu kabla wazee hawajaulizwa. Kwetu msafiri humwagiwa unga chini ya mti, usimame kama kichuguu, ufunikwe chungu. Asubuhi ukikutwa umesimama, waliotangulia wameridhia. Ukikutwa umeanguka, safari haipo. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo kuangalia kulikuwa kwangu.

Nikafunua chungu. Umelala upande kama mlevi. Si kuku, si panya. Chungu kilikuwa palepale. Nikakifikiria kisima na vile vicheko. Nikajiambia mimi nimebatizwa misheni, huu ni unga tu. Nikapiga magoti, nikaukusanya kwa viganja, nikausimamisha upya, mikono nikafutia kaniki.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini.

"Umesimama?"

"Umesimama, mama."

"Kama tulivyouacha jana?"

"Vilevile."

Akapiga kigelegele peke yake, bibi wa watu, na meno yake matatu.

Mume wangu akaenda. Masika ya pili tarishi wa boma akaja na barua, akatusomea uani. Nyambizi iliipiga meli ile ikazama. Wachache waliokolewa, yeye hakuwamo. Angeokokaje, mtu wa Makote, ambako hata dimbwi la kujifunzia kuogelea hatuna? Wale wanawake wa kisimani walinitekea maji mpaka matanga yakaisha, na jina lile hakulitaja mtu.

Siku ya kuanua tanga mama mkwe aliniomba nimshike mkono, nimpeleke kwenye mti. Nilidhani anakwenda kuomba. Akakipapasa chungu, akakinyanyua, akakipasua shinani.

"Mmenidanganya," akawaambia wazee wake. "Nimewalisha miaka yote, mkanidanganya kwa mwanangu."

Hakuwapa unga tena. Alipolala kitandani asiamke, alisema kinachomuumiza si kufa, ni kwenda kukaa na watu waliomsaliti. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji. Kila kijiko nilisema moyoni, akimeza hiki nitamwambia. Alikufa uji ungali nusu bakuli.