Bibi Alipoitika

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mama alijifungua kabla ya siku zake, mimba ikiwa ya miezi saba tu. Alikaa hospitali wiki sita na mdogo wangu, mtoto njiti. Waliporudi nyumbani kwetu Kariakoo, mtoto bado alikuwa mwepesi kama kifaranga, na mimi niliogopa hata kupiga chafya karibu yake.

Manesi walimfundisha mama kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kutwa nzima. Walimwonya pia kwamba njiti husahau kupumua. Akinyamaza, msugueni nyayo. Bibi, mama yake baba, alikuwa na lake. Mtoto alikuwa somo yake, amepewa jina lake la Mwanaidi, lakini Bibi alikataza lisitamkwe mpaka zipite siku arobaini tangu aingie nyumbani. Tumwite Mgeni.

"Kinachochukua watoto hakina macho," aliniambia. "Kina masikio. Kikisikia jina kinakuja kumchukua mwenye jina, na hakirudi mikono mitupu."

Nikaogopa hata kulifikiria jina lile.

Alasiri moja mama alitaka kuoga. Akanifunga mtoto kifuani kwa khanga, nikakaa kitandani kama bi harusi, sijitikisi. Nje vipaza sauti vya wauza viatu vilikuwa vinashindana. Mara nikahisi kifuani pametulia. Kumtazama, midomo imekuwa ya kijivu. Nyayo, manesi, vyote vikanitoka kichwani. Nikapiga ukelele.

"Mwanaidi! Mwanaidi!"

"Abee!"

Alikuwa Bibi, uani, anapepeta mchele. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Abee! Mwanaidi ni mimi! Niko huku uani!"

Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akalia kile kilio chake chembamba. Bibi akaingia, ungo bado mkononi.

"Anapumua?"

"Anapumua, Bibi. Nisamehe."

"Hukumwita yeye. Umeniita mimi, nami nimeitika. Mama yako usimwambie."

Arobaini haikufika. Wiki ya tatu baada ya siku ile, asubuhi, Bibi alianguka palepale uani, na tulipomfikia alikuwa ameshakata roho. Nililia kwa huzuni, na kwa woga pia, maana nilijua nilichokifanya.

Leo mdogo wangu anauza vitambaa sokoni na mdomo wake hauna breki. Mimi ni mtu mzima. Najua Bibi alikuwa na presha ya miaka mingi, na vidonge alimeza siku alizokumbuka. Najua pia kwamba ukelele wangu peke yake ungetosha kumshtua mtoto. Hayo hujiambia mara kwa mara, na mara nyingi hunituliza.

Lakini kuna jambo moja halinitoki. Mimi naweza kuamini au kukataa nitakavyo. Bibi hakuwa na shaka hata chembe kwamba kuna kitu kinasikiliza. Na aliitika.