Mafuta Yaliyobaki Chini ya Sifuri

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa tete, bua kavu la mtoni. Shefu wa Atelye, mkuu wa karakana ya kiwanda cha mafuta ya mawese hapa Rumonge, alinitazama nilivyovaa shati langu jeupe la Ijumaa, akacheka kidogo, akanielekeza kwenye lori la kubebea ngazi, yaani mikungu ya michikichi, lililosimama uwanjani. "Kapime mazutu," akasema. Mazutu ndiyo dizeli kwa lugha yetu ya huku. Nilipanda kwenye kiti cha dereva, nikafungua kontakti kwa ufunguo, nikaangalia mshale wa mafuta, kisha nikarudi mbio kumwambia kwamba tanki lina nusu. Alilichukua lile tete, akalitumbukiza kwenye mdomo wa tanki mpaka likagonga chini, akalitoa. Lilikuwa limelowa ncha tu.

"Mushale iko kama kijana anayetafuta muchumba," akaniambia. "Inakuambia ile unataka kusikia. Tete haitafute muchumba."

Nilikuwa kijana anayetafuta mchumba wakati huo, kwa hiyo niliona haya. Lakini maneno yake nimeyabeba mpaka uzee huu, na nayaandika kwa ajili yenu mnaoshika kazi hii sasa, ambao gari likiwagomea mnatoa simu kwanza kabla ya kufungua boneti.

Wakati ule kila dereva wa lori alikuwa na tete lake. Alilikata mwenyewe mtoni, akalikausha juani, akachonga alama kwa kisu: hapa tanki limejaa, hapa nusu, hapa usithubutu kuondoka. Lilikaa nyuma ya kiti, limefungwa kwenye kitambaa. Tete halikuazimwa, kama vile mswaki hauazimwi, kwa sababu matanki hayafanani vimo na alama za lori hili ni uongo kwa lori lile. Nimeona madereva wawili wakipigana makonde uwanjani kwa ajili ya tete.

Shefu alinifundisha pia sonda. Hicho ni kifaa kinachokaa juu ya tanki na kupeleka habari kwa mshale ulio mbele ya dereva. Kina mkono mwembamba unaoshuka ndani, na mwisho wa mkono kuna kielea, kidude chepesi kinachopanda na kushuka na mafuta. Juu, ndani ya kisanduku kidogo, kuna waya mwembamba uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo, na ulimi wa shaba unaousugua. Kielea kikishuka, ulimi unahama, umeme unaopita unabadilika, na mshale unashuka. "Usione vyaelea, vimeundwa," Shefu alipenda kusema akikisafisha kielea kwa kidole gumba, naye alikuwa mtu asiyependa kusema sana.

Tena alikuwa na mtindo wake ambao sikuuona kwingine. Kila alipofunga sonda, aliukunja mkono kidogo ili mshale ufike sifuri wakati tanki bado lina mafuta chini. Akiba hiyo waliijua watu wawili tu, fundi na dereva. Mwenye lori, yaani patro, hakuambiwa. "Patro akijua iko, ataihesabu," alisema. "Akiihesabu, haiko tena."

Kutoka hapo nilipelekwa Kigwena, kwenye mashamba ya michikichi, chini ya Msimamizi wa Mashamba. Huyo alikuwa mrefu, mwenye hasira za karibu, na kitu kimoja tu kilimnyima usingizi: lori kuzimikia katikati ya michikichi kwa kukosa mafuta. Alikuwa na haki. Petroli ikikwisha unamimina nyingine unaondoka. Dizeli ikikwisha, hewa inaingia kwenye mabomba hadi kwenye pampu, na hata ukijaza tanki lori halisikii. Inabidi ulegeze skrubu juu ya chujio, usukume pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kisha ufuate kwenye injini bomba moja baada ya jingine. Ngazi za mawese hazikungojei. Msimamizi alikuwa akisimama juu yangu akisema, "Fundi, unasali ama unatengeneza?" Nilikuwa nafanya yote mawili.

Baadaye nilihamishiwa Bujumbura, kwenye karakana kubwa, chini ya Direkta wa Garaji. Yeye hakuamini tete wala kukunja mikono ya sonda. "Hapa haturekebishe, tunabadilisha," alisema, na kweli vipuri vilikuwa vinakuja ndani ya maboksi. Kwake nilijifunza kupima kabla ya kufungua. Unachomoa waya wa sonda, unaugusisha kwenye masi, yaani chuma cha gari chenyewe. Mshale ukipanda mpaka juu, basi mshale ni mzima na waya ni mzima, na mgonjwa ni sonda. Nilimheshimu, ingawa hakuwahi kujua jina langu.

Halafu ikaja miaka mibaya, ambayo sitaisimulia hapa. Waliokuwepo wanajua. Nilirudi Rumonge nikiwa na sanduku la spana na mke mgonjwa, nikafungua karakana yangu karibu na soko, na hapo ndipo mikono yangu ilipozeekea.

Sasa nifike kwa Melkiyori, kwa maana ni yeye aliyenifanya nishike kalamu.

Melkiyori alikuwa mtu wa Muhuta, dereva wa lori la Bi Zaituni. Huyo mama ni jirani yangu, anayenunua samaki hapa na Magara na kuwapeleka Bujumbura. Lori lilikuwa la zamani, la dizeli, limepakwa rangi mara nyingi hata hujui ya kwanza ilikuwa ipi. Mshale wake ulikuwa umeshazoea kudanganya, lakini Melkiyori alikuwa na tete, kwa hiyo hakuna aliyejali. Kisha mafuta yakaadimika nchini. Mmeyaona wenyewe: foleni za magari kwenye stesheni za mafuta, watu wakilala ndani ya magari yao, na wezi wakipita na mipira ya kunyonyea matanki. Bi Zaituni akamwita mchomeleaji, akaweka wavu wa chuma ndani ya mdomo wa tanki. Mafuta yanaingia, mpira wa mwizi haupiti. Nusu ya malori ya mwambao huu yalifanywa hivyo hivyo, na sisi sote tukasifu.

Melkiyori peke yake ndiye aliyeuliza, "Mama, sasa tete yangu itapita wapi?"

"Mushale si iko?" Bi Zaituni akamjibu.

Haikupita muda lori likazimika barabarani, kidogo baada ya Magara, likiwa na shehena ya mukeke, samaki wa ziwa letu, kwenye barafu. Mshale ulikuwa umesimama kwenye nusu. Jua likapanda, barafu ikayeyuka, na kwa samaki mnajua wenyewe, la kuvunda halina ubani. Nilikwenda na kidumu cha mazutu kilichonunuliwa kwa magendo, nikatoa hewa kwenye mabomba pale kando ya barabara, inzi wakitutembelea usoni. Melkiyori alikuwa amekaa kwenye jiwe na hakuwa akiwafukuza.

Tulipofika Rumonge, Bi Zaituni alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala lake. Hakuuliza habari za samaki.

"Asubuhi mushale ilionyesha nusu, niliiona mwenyewe," akasema. "Ile nusu umeiuza wapi?"

"Mama, sikuuza hata tone. Naapa kwa watoto wangu."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naweka wavu kwa ajili ya wezi wa inje, kumbe." Akanigeukia. "Fundi, fungua hiyo kitu. Ukinionyesha ni sonda, atabaki. Kama si sonda, aende kwao Muhuta."

Basi nikafanya kazi, na nawaeleza ilivyokwenda kwa sababu hata ninyi itawafika. Nilichomoa waya nikaugusisha kwenye masi: mshale ukapanda mpaka juu. Kwa hiyo mgonjwa ni sonda. Nikatoa kichwa cha betri. Nikasafisha juu ya tanki kwa brashi na kitambaa kabla ya kulegeza skrubu hata moja, maana uchafu ukiingia ndani leo, kesho uko kwenye pampu. Kisha nikaitoa sonda polepole kwa kuiinamisha, mkono wake usije ukakwama. Waya ndani ya kisanduku ulikuwa umelika katikati, pale ulimi unaposugua zaidi, na ulimi ulikuwa umenasa kwenye ncha iliyokatika. Nilikishusha kielea kwa kidole. Mkono ukagoma palepale, kwenye nusu.

Nilimpelekea Bi Zaituni ile sonda mkononi. Alikisukuma kielea mwenyewe, mara mbili, mara tatu. Melkiyori alikuwa nyuma yangu na nilisikia pumzi yake.

"Sawa," akasema Bi Zaituni. "Sonda imekufa, nimeona. Hiyo inaonyesha mushale ilidanganya. Haionyeshe mazutu ilienda wapi."

Alikuwa amesema kweli. Sonda iliyokufa haiwezi kumtolea mtu ushahidi.

"Abaki," akaongeza. "Weka ingine. Tutaona safari inayokuja, mushale ikishuka vizuri. Hapo nitajua."

Sonda ya kwanza niliyopata niliijaribu nje ya tanki, nikiwa nimeifunga waya wa masi: niliinua mkono, mshale ukashuka. Ilikuwa ya lori la kabila jingine, inayosema kinyume. Kijana mwenye haraka angeifunga hivyo hivyo, na dereva angefurahia tanki lililojaa hewa. Ya pili niliipata Muhuta, kwenye lori lililokufa la ukoo uleule na hili. Niliinua mkono, mshale ukapanda. Nikakata mpira mpya wa kuzuia kuvuja, nikafunga skrubu kwa kupokezana, moja huku moja kule. Na kabla ya kufunga niliukunja mkono kidogo, kama nilivyofundishwa.

Melkiyori alikuwa ameinama karibu nami. "Ukiona sifuri," nikamwambia kwa sauti ya chini, "jua chini bado kuna kitu. Unajua desturi."

"Ninajua, muzee. Mama haambiwi."

Tulifungua kontakti. Yale mafuta yaliyosalia kutoka kwenye kidumu hayakuizidi akiba ile, mshale ukalala kwenye sifuri. Tukacheka kidogo.

Hiyo safari haikuja. Stesheni zilikauka kabisa, na mazutu ya magendo ikawa haishikiki kwa bei. Lori likasimama mbele ya ghala. Melkiyori alikuja kila asubuhi, akafuta kioo, akapanda, akafungua kontakti, akatazama mshale, akafunga. Wengine walimcheka. Mimi niliona uchungu, kwa sababu nilijua alichokuwa anangoja.

"Safari moja tu, muzee," alikuwa akiniambia. "Mama aone mushale ikishuka polepole, vile inapaswa. Basi. Hata akinifukuza kesho yake."

Nyuma ya ghala walikokaa, mkewe alianza kuuza ndizi za kuchoma. Watoto waliacha shule. Watu walikuwa wanatafuta mazutu kwa chupa, kwa ajili ya jenereta na boti, na aliyekuwa nayo aliombwa kama mfalme. Siku moja Melkiyori alimrudishia Bi Zaituni ufunguo wa lori.

"Murakoze, Mama," akashukuru kwa Kirundi.

"Haya," akajibu, bila kuinua macho.

Alipita kwangu kuniaga. Alikuwa anavuka ziwa na mkewe na watoto kwenda Kongo, kutafuta kazi kwenye maboti, akaniachia namba ya simu ya huko. Nilimwambia abaki kidogo, mambo yatakaa sawa. "Mambo, ndiyo," akasema. "Jina yangu, nani ataiweka sawa?" Akaondoka na mfuko wa plastiki.

Bi Zaituni naye akachoka. Akaliuza lori kwa wanunuzi wa chuma chakavu kutoka Bujumbura, nao wakaja na mitungi ya gesi ya kukatia. Tanki halikatwi likiwa na harufu ya mafuta ndani, kwa hiyo niliitwa kulimwaga. Nililala chini ya lori, nikalegeza bolti ya chini. Mazutu ikatoka, safi, ikaendelea kutoka. Ndoo ikajaa, nikaomba nyingine.

Bi Zaituni alikuwa amesimama karibu. "Hii imetoka wapi? Mushale iko kwa zero tangu zamani."

Nikatoka chini ya lori nikamweleza desturi yetu yote, ya Shefu, ya mkono kukunjwa, ya akiba isiyoambiwa mwenye lori.

"Melkiyori alijua?"

"Alijua siku ileile. Nilimwambia mimi."

"Na hii bolti, angeweza kuifungua?"

"Kwa spana moja."

Alikaa chini palepale, kwenye kreti la samaki, akiwa na kanga yake safi. Wale wa chuma walikuwa wanapiga kelele waanze kukata, akawanyamazisha kwa mkono. "Watoto wake walikuwa wanalala njaa nyuma ya ukuta wangu," akasema. Kisha akasema, "Mupigie simu." Nilipiga. Haikupatikana.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Mikono inatetemeka, macho yana ukungu, na vijana wa pale sokoni wanafunga sonda vizuri kuliko nilivyofunga mimi. Wanapokuja kuniuliza, nawaambia wapime kwenye masi kwanza, wasafishe kabla ya kufungua, waukunje mkono kidogo. Sijutii kazi hii. Ila nikiwaza miaka yote niliyojisifu kwamba naweza kuujua ukweli wa tanki lolote, naona huzuni, maana ukweli uliomhusu Melkiyori ulikuwa pale chini muda wote nami sikufungua ile bolti.

Mazutu ile Bi Zaituni hakuiuza. Ameihifadhi kwenye kidumu, ndani ya ghala, amekifunga mdomo kwa kitambaa. Watu wanaolala kwenye foleni wakijua watamtukana. Na kila Ijumaa baada ya swala anamtuma mtu kwangu aniulize kama ile namba ya Kongo imeita. Namwambia bado.