Waliokuja Kunihamisha Walikula Kwangu

Miguu yangu haifanyi kazi. Nilianguka kutoka juu ya tela la trekta lililobeba magunia ya mpunga, na nilipofika chini mgongo ulikuwa umekwisha. Kuanzia kiunoni kushuka sina habari. Mkono wa kushoto nao uliumia siku hiyohiyo, umelala. Wa kulia unashika kijiko na simu, basi. Lakini mdomo haukuguswa, kichwa hakikuguswa, na nyumba hii ya Shanwe, vyumba viwili na kibaraza, ni yangu. Wajukuu zangu wakiulizwa bibi yao anaishi na nani, wanajibu kwa maringo: anaishi kwake.

Silali wala siamki bila watu, hilo silifichi. Asubuhi anakuja mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani, muuza dagaa wa soko la Kashaulili, kabla hajaenda kupanga biashara yake. Ananigeuza, ananiosha, anakagua mgongo kama kuna kidonda kinachoanza, kisha ananiweka kwenye kiti cha magurudumu. Jioni anakuja jirani yangu, mwanamke aliyezaliwa Katumba na wazazi waliotoka Burundi, mikono yake ya jembe kabisa. Yeye ananirudisha kitandani. Hakuna anayewalipa. Walianza wenyewe nilipotoka hospitali, na hawajaacha.

Mwanzoni tuligombana. Walidhani mtu asiyeinua mguu hajui pia anataka kula nini. Leo uji, leo vaa gauni hili, leo usitoke nje kuna upepo. Nikawaambia, "Sikilizeni nyie. Mikono ninaazima kwenu. Akili ninayo yangu."

Muuza dagaa akacheka. "Bibi, ungekuwa na miguu tungekoma."

"Mngekoma kweli."

Tangu hapo wanauliza kwanza.

Sasa, mwanangu wa kwanza analima Kasekese. Ni mtoto mzuri ila mwoga. Masika yaliyopita kuna siku mvua ilimzuia muuza dagaa njiani, na jirani alikuwa hospitali na mtoto wake. Nililala kwenye mkojo wangu mpaka mchana. Habari zikamfikia. Akapiga simu: "Mama, Jumamosi nakuja na baba mdogo. Tunakaa kikao. Unahamia kwangu." Hakuuliza. Alitangaza kama redio.

Baba mdogo wake ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na neno lake ndilo linalopita katika ukoo. Nilikiona kikao hicho kabla hakijakaa. Wangekaa kibarazani, waniite mgonjwa nikiwa nasikia, halafu wapakie godoro langu kwenye pikapu.

Kwetu Mpimbwe nilikolelewa, chakula kilichopikwa kwingine kinaingia kwenye mji wa mtu, yaani nyumbani kwake, ikiwa tu amefiwa au ugonjwa umemlemea. Siku nyingine zote wageni wanalishwa na mwenye mji. Nikaona nikikubali kulishwa siku hiyo, nimehama tayari. Nikawaita wanawake wangu wawili nikawaambia Jumamosi tunapika.

Niliwekwa karibu na jiko la mkaa tangu asubuhi. Wali wa kwetu, samaki wa migebuka waliokaushwa, majani ya maboga. "Punguza moto. Funika. Usikoroge, huo ni wali siyo uji." Jirani alinung'unika kwa Kirundi, na ninajua alichosema, lakini alifunika. Chumvi niliionja mimi.

Pikapu ikafika. Wa kwanza kushuka alikuwa mkwe wangu, mke wa mwanangu, amebeba mahotipoti yaliyofungwa kwenye kitenge.

"Shikamoo mama. Tumekuja na chakula, usihangaike."

"Marahaba. Nani amefiwa?"

Akaninyooshea mahotipoti hivyohivyo. Jirani akaninong'oneza, "Bibi, pokea, mwenzio kaamka alfajiri."

"Sipokei. Weka hapo kibarazani, mkwe wangu, mtakula njiani mkirudi. Ingieni mnawe."

Mwanangu alitaka kubisha, lakini shemeji alikuwa ameshanyoosha mikono kwenye beseni. Mzee yule anajua mambo. Alikula, akaongeza, akalamba mwiba.

Kikao kikaanza. Mwanangu akasema, "Mama, siku ile ya mvua. Ungekufa."

"Nisingekufa. Nilinuka tu."

"Mama."

"Na kwako je? Mnakwenda shamba alfajiri, mnarudi jua limezama. Nitalala kwenye mkojo huohuo, halafu nitaogopa kugomba kwa sababu nyumba si yangu. Hapa wakichelewa nagomba."

"Anagomba kweli, kaka," muuza dagaa akasema kutoka mlangoni. "Siku ile tulikosa, tumekubali. Sasa anayekwama anapiga simu kwa mwenzake mapema, na tumemwomba dada mwingine wa jumuiya."

Shemeji akafuta mikono. "Mimi nimekula kwa huyu mama. Siwezi kusimama nikasema hana mji."

"Baba mdogo, tumekodi gari."

"Litaturudisha."

Mwanangu akainama. Sauti ikamtoka ndogo. "Watu baki wanamnyanyua mama yangu kila siku. Mimi kule Kasekese naonekana nani?"

Kumbe hilo ndilo lililomfanya akodi gari. Ningeweza kumbembeleza. Sikumbembeleza.

"Kuniogesha huwezi, wewe ni mtoto wa kiume. Kuninyanyua unaweza. Jumapili jirani anashinda kanisani kwao, anarudi amechoka. Jumapili jioni ni yako. Una pikipiki."

"Kila Jumapili?"

"Mimi nalala kila Jumapili."

Mkwe wangu akacheka kwanza, akiziba mdomo na khanga. Mwanangu akamtazama, akanitazama, akauliza ananishikaje.

Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi na mabega yanawaka, nikasema aanze leoleo kunirudisha kitandani. Jirani akasogea kumsaidia. Nikamwambia akae, amalize wali wake.

"Piga goti kwanza. Pitisha mkono kwapani, siyo hapo. Mwingine chini ya mapaja. Usivute, inua."

Akainua. Kichwa changu kikaning'inia, gauni likapanda, mguu mmoja ukabaki kwenye kiti. Jasho lilikuwa linamtoka, mwanaume mzima mwenye watoto.

"Nirudishe kwenye kiti," nikamwambia. "Umenishika vibaya. Anza upya."